Malizeni mlikouza kabla ya kupima kwingine: barua ya wazi kwa Baraza la Madiwani la Jiji la Dodoma

Mstahiki Meya,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Mkurugenzi wa Jiji,

YAH: OMBI LA KUSITISHA UUZAJI WA VIWANJA VIPYA HADI MAENEO YALIYOUZWA YAPATE HUDUMA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi ujenzi, mkazi wa pembezoni mwa jiji letu upande wa mashariki. Kazi yangu hunifikisha kwenye mitaa mipya mapema kuliko watu wengi. Nafika kabla ya bomba, kabla ya nguzo ya umeme, na mara nyingi kabla ya barabara yenyewe, nikiwa na ramani ya kiwanja mkononi na mwenye kiwanja pembeni yangu, tunatafuta bikoni, yaani mawe ya mpaka wa kiwanja, kwenye majani. Ninayoyaona huko ndiyo yamenifanya niandike sasa, wakati baraza jipya linaelekea kwenye vikao vya bajeti na mipango vitakavyoamua jiji hili likue kuelekea wapi.

Ombi langu nalisema mapema ili msilitafute. Katika bajeti mnayokwenda kuijadili, msipitishe mradi wowote wa kuuza viwanja vipya pembezoni mpaka maeneo yaliyokwisha kuuzwa yawe na maji, barabara inayopitika wakati wa mvua, mifereji, na shule ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuifikia kwa miguu. Mengine yote nitakayosema humu yanatokana na hilo.

Najua jibu la kwanza litakalotolewa mezani. Maji yako DUWASA, umeme uko TANESCO, na barabara za mitaa zilihamia TARURA tangu 2017. Vyombo hivyo havipangiwi fedha na baraza lenu, na wakuu wake hawawajibiki kwa meya. Ni kweli kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo hoja hii ni ya kwenu na haiwezi kuwa ya mtu mwingine. Katika yote yanayohitajika ili kipande cha pori kiwe makazi ya watu, kilichobaki mikononi mwa halmashauri ni kile cha mwanzo: kupanga eneo, kulipima na kulimilikisha. Mkishauza, mnunuzi anaanza kujenga, na kuanzia siku hiyo kila chombo kinamfuata kwa ratiba yake na kwa fedha zake. Mwingine anakuja baada ya miaka miwili, mwingine baada ya saba. Nguvu yenu yote iko kabla ya kuuza. Baada ya hapo na ninyi mnabaki kuomba, kama sisi wananchi.

Enzi za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, haikuwa hivi. Mamlaka ile ilianzishwa 1973, mwaka ambao TANU iliamua makao makuu yahamie hapa, na aliyepanga eneo ndiye aliyechonga barabara zake. Ukipita leo Area C na Area D unaona bado kwamba mtu alifikiri kabla nyumba hazijasimama. Sisemi CDA irudi. Wananchi tulikuwa na malalamiko mazito dhidi yake, hati za miaka 33 zikiwemo, na ilipovunjwa Mei 2017 wengi tulifurahi, zaidi muda wa hati ulipoongezwa kufikia miaka 99. Ila majukumu yake yalipogawanywa, kupanga kukabaki huku na kuhudumia kukaenda kule, na mpaka leo hakuna aliyeviunganisha tena. Baraza hili linaweza kuviunganisha kwa azimio moja tu: kwamba hakuna kiwanja kitakachouzwa katika eneo jipya bila maandishi ya DUWASA, TANESCO na TARURA yanayotaja mwaka wa kufikisha huduma na fungu la fedha litakalotumika.

Ukuaji wenyewe mnaujua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa ya wakati ule. Sensa ya 2022 ikakuta jiji lina watu 765,179. Na hiyo ni kabla ya treni ya SGR kuanza kuleta abiria Dodoma mwaka 2024. Watu wanakuja, na wana haki ya kuja. Wanaokuja ni watumishi wa wizara zilizohamia Mtumba, wanafunzi wa UDOM na vyuo vingine, wafanyabiashara, na vijana wa Bahi, Kongwa, Chemba na Kondoa wanaotafuta kazi za mikono. Swali ni kama tutaendelea kuwapa karatasi yenye muhuri na kuwaacha wajitafutie yaliyobaki.

Niwaeleze nyumba inavyojengwa katika eneo lililopimwa bila maji. Mwenye kiwanja akishamaliza kulipa, kitu cha kwanza anachonunua ni tanki la lita elfu tano, kabla hata ya nondo. Tunalijengea kitako cha mawe, kisha tunaagiza boza, gari la kuuza maji, lije kulijaza. Zege la msingi linahitaji kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na jua la Oktoba hapa halina subira. Boza likichelewa siku mbili, nyufa zinaanza kuonekana kabla hatujapandisha tofali la kwanza. Hivyo fedha iliyokuwa ya madirisha inaishia kwenye maji. Mtu anahamia nyumba ikiwa haijapigwa lipu, madirisha yamezibwa kwa mabati, kwa sababu kodi ya nyumba ya kupanga mjini inamkaba na hana tena cha kumalizia ujenzi.

Kisha Desemba inafika, mvua zinaanza, na hapo ndipo maji ya kutumia yanapoadimika zaidi. Boza haliwezi kupita. Udongo wa mbuga ukilowa, gari zito linazama mpaka ekseli. Nimemkuta mama mmoja, jirani wa mahali nilipokuwa najenga, amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Uani maji ya mvua yamejaa mpaka kizingiti, mekundu kwa tope na yamebeba taka za mtaa mzima. Ndani, ndoo tatu zimepangwa ukutani, zote tupu. Alikuwa anazungumza na dereva wa boza kwenye simu, na dereva alikuwa anamwambia amefika lami lakini hawezi kuvuka kuja huko. Mama yule ana hati ya kiwanja. Alilipa kila kilichotakiwa. Na kila anaponunua umeme wa LUKU anakatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023, sawasawa na aliyejenga kando ya lami na bomba likiwa jikoni.

Waheshimiwa, maji ya jiji hili yanatoka chini ya ardhi, na sehemu kubwa inatoka visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Mpango wa bwawa la Farkwa na ule wa kuleta maji ya Ziwa Victoria tunaisubiri kwa hamu, lakini mpaka siku maji hayo yatakapofika bombani, Mzakwe ndiyo inayotuweka hai. Mvua zetu ni chache, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinakuja kati ya Desemba na Aprili. Maji yanayozama ardhini katika miezi hiyo ndiyo tunayoyanywa mwaka mzima.

Sasa tazameni ramani. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inapita Veyula, Nala, Matumbulu na Mtumba. Naiunga mkono barabara hiyo kwa moyo wote. Malori yanayokwenda Singida, Mwanza na nchi jirani hayana sababu ya kubanana na daladala na bajaji zetu katikati ya mji. Lakini lami ikipita porini, viwanja huifuata. Dalali anafika kabla ya mpima. Upande wa kaskazini viwanja hivyo vitasogea kuelekea bonde lile lile linalotunywesha. Kila nyumba ninayojenga pembezoni ina shimo la choo, kwa sababu mtandao wa majitaka haujafika huko na haitarajiwi ufike karibuni. Kinachoingia kwenye shimo la choo hakibaki humo. Kinashuka chini, mwaka baada ya mwaka, kuelekea kwenye maji. Nyumba moja haina madhara makubwa, ila mtaa mzima juu ya chanzo cha maji cha jiji ni jambo ambalo hakuna fundi wala mhandisi atakayeweza kulirekebisha baadaye.

Kwa hiyo lile la Makutupora nalitenga na mengine. Hata kama mengine yote mtayakataa, hili nawasihi mlipitishe: bonde lile na maeneo yanayolilisha yawekewe mipaka inayoonekana ardhini, yaandikwe kwenye mpango kuwa ni hifadhi ya maji, na pasiwepo kubadili matumizi hata kwa kiwanja kimoja, awe anayeomba ni mwananchi, taasisi ya umma, taasisi ya dini au mwekezaji. Tukianza na kiwanja kimoja cha kituo cha mafuta, wa pili atauliza kwa nini yeye anyimwe.

Jambo la makorongo linanigusa kwa kazi. Mchanga tunaojengea sisi mafundi unatoka korongoni, na kila lori linalotoka na mchanga linaliongezea korongo upana. Korongo la Dodoma halionyeshi ukali wake wakati wa kiangazi. Mwezi Agosti ni njia nzuri ya mchanga mweupe, watoto wanacheza mpira ndani yake, mbuzi wanalala kivulini ukingoni. Mgeni anayeonyeshwa kiwanja mwezi huo anaona mahali pazuri. Niliwahi kupelekwa na mteja kwenye kiwanja cha namna hiyo ili nimpigie hesabu ya msingi. Tulipozitafuta bikoni, mbili tulizikuta juu ya ukingo. Nyingine mbili zilikuwa ndani ya mkondo, moja imekwisha kung'oka na kulala ubavu, maji ya mwaka uliotangulia yamechimba chini yake. Nilimshauri asijenge, na alinisikia. Lakini si kila mnunuzi anakwenda na fundi, na si kila fundi yuko tayari kupoteza kazi kwa kumwambia mteja ukweli.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa zisiendeshewe shughuli za kudumu. Makorongo yetu makubwa ni mito, hata kama yana maji miezi minne tu. Wakazi wa Nkuhungu na wa maeneo mengine ya chini hawahitaji kusomewa kifungu hicho, kwani wamekwisha kuona vitanda vikielea. Ninachoomba ni kwamba kabla ya mvua zijazo halmashauri iwatume wapima na wenyeviti wa mitaa pamoja, watembee kwenye makorongo makuu, waweke alama ya mpaka wa maji kwa kuwauliza wakongwe wanaokumbuka maji yalifika wapi. Viwanja vilivyoangukia ndani ya alama hizo, wenye navyo wapewe vingine. Wao hawana kosa. Walinunua kitu kilichokuwa kwenye ramani. Na kingo zipandwe miti. Mwaka 2017 tulizindua kampeni ya Kijanisha Dodoma, na hakuna mahali mti utafanya kazi kubwa kuliko kwenye ukingo wa korongo.

Kuhusu wenye mashamba, nitasema machache ingawa maumivu ni mengi. Jiji likipanuka linapanuka juu ya mashamba ya Wagogo: mashamba ya uwele, mtama, karanga, na mizabibu ya Hombolo, Mbabala, Mpunguzi na Matumbulu. Zabibu ya Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka, na kwa familia nyingi huko ndiyo ada ya shule na ndiyo matibabu. Babu akishathaminiwa shamba lake na kuambiwa asiendeleze chochote, anaacha kupogoa, anaacha kumwagilia dawa, mizabibu inaingia magonjwa, huku fidia haijafika. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 imeweka jambo hili wazi: fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikichelewa iongezwe riba, na uthamini ukipita miaka miwili bila malipo unakufa na kazi inaanza upya. Basi msipitishe mradi wa kutwaa shamba la mtu kama fedha ya fidia haimo kwenye akaunti siku mnayopitisha. Si kwenye makadirio ya mauzo ya viwanja vitakavyopimwa juu ya shamba hilo hilo. Kumlipa mtu kwa fedha itakayopatikana kwa kuuza kilicho chake ni kumfanya yeye maskini awe mkopeshaji wa jiji.

Mashamba hayo yana faida nyingine ambayo ramani za viwanja hazionyeshi. Shamba linanyonya mvua. Paa na uwanja uliosakafiwa vinaitupa mvua yote barabarani. Kila eka tunayoigeuza kuwa makazi inaongeza maji kwenye korongo na kupunguza yanayoshuka kisimani, kwa hiyo hata mtu asiyejali zabibu ana sababu ya kutaka baadhi ya mashamba yabaki mashamba. Naomba mpango wa matumizi ya ardhi uyatambue mashamba ya mizabibu kuwa ni matumizi halali ya kudumu ndani ya jiji, yasichukuliwe kama ardhi inayosubiri zamu yake.

Nije kwa wapangaji, maana humu jijini wengi wetu ni wapangaji. Saidia fundi wangu analala chumba kimoja na mwenzake, choo cha nje wanachangia kaya sita. Anaamka saa kumi alfajiri ili afike eneo la kazi saa moja, kwa sababu ninakojenga hakuna daladala na bodaboda ingemla nusu ya posho ya siku. Mashirika ya umma yamejenga nyumba nzuri Iyumbu, Njedengwa na Nzuguni, na nawapongeza, ila zile ni za mtu mwenye mshahara unaokatwa benki. Mama ntilie wa stendi, mbeba mizigo wa Soko Kuu la Job Ndugai, mlinzi wa usiku na mfagiaji wa ofisi za Mtumba hawana pao kwenye mipango yetu. Wanapanga vyumba kule ambako hapajapimwa, na wanalipishwa miezi sita kwa mkupuo pamoja na ya dalali.

Hapo mna uwezo mkubwa kuliko mnavyodhani. Viwanja vikubwa vya kifahari vinapimwa karibu na lami na vidogo vinapimwa mbali, wakati mwenye kiwanja kikubwa ana gari na mwenye kidogo anatembea kwa miguu. Geuzeni. Karibu na stendi, soko na njia za daladala, pangeni viwanja vidogo na mruhusu nyumba za vyumba vingi vya kupanga, zenye masharti ya choo cha kutosha, dirisha lenye hewa na nafasi ya kupitisha gari la zimamoto. Mwenye nyumba wa Chang'ombe au Majengo akitaka kupandisha ghorofa moja ili aongeze vyumba, asizungushwe mwaka mzima kwenye kibali. Apewe ramani za mfano zilizokwisha kukaguliwa na wahandisi wa jiji, achague, ajenge. Kazi hiyo ingeongeza vyumba mahali ambako bomba na barabara tayari vipo, bila kukata mti hata mmoja pembezoni.

Maeneo ya wazi: naomba yaachwe. Katikati ya mji tuna Nyerere Square na Chinangali Park, na kila jioni zimejaa watu. Mitaa mipya ina maeneo ya wazi kwenye karatasi tu. Yawekwe uzio wa miti, yakabidhiwe kwa kamati ya mtaa, na ombi lolote la kuyabadili matumizi lisomwe kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa husika kabla halijafika kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira.

Sasa hoja ya mapato, ambayo naielewa. Baada ya CDA kuvunjwa, mauzo ya viwanja yaliibeba sana mapato ya ndani ya Dodoma, na halmashauri ina shule za kumalizia, vituo vya afya vya kuendesha, na asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ya kutenga. Kiwanja, hata hivyo, kinauzwa mara moja. Gharama ya mtaa usiokuwa na mfereji inalipwa kila mwaka, kwa greda, kwa kalavati lililosombwa, kwa kipindupindu. Fedha ya kiwanja ikishatumika mahali pengine, mtaa ule unabaki bila chochote cha kuuhudumia. Pitisheni utaratibu kwamba sehemu kubwa ya mauzo ya kila eneo iwekwe akaunti yake na itumike katika eneo hilo hilo, na taarifa yake ibandikwe ofisi ya kata kila robo mwaka. Mwananchi akiona fedha yake imechonga barabara yake, hata kodi ya pango la ardhi atailipa bila kukumbushwa.

Kuna hoja nyingine, nzito zaidi, ambayo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu: kwamba jiji likiacha kupima, watu watakatiana mashamba wenyewe na tutapata makazi holela, halafu tutarudi kuhangaika na urasimishaji. Ndiyo maana sikuomba kusitisha kupanga. Pangeni, tena kwa kasi. Tangulieni kuchonga barabara kuu za mitaa ijayo, wekeni bikoni za hifadhi ya barabara, za shule, za zahanati, za soko na za korongo, ili hata atakayekatiwa shamba na mjomba wake akute njia imekwisha kupita. Kinachosubiri ni kuuza.

Na wakati mnasubiri, vipo viwanja vingi tayari ndani ya maeneo yenye huduma. Piteni Kisasa, Ilazo, Ipagala, hata Kilimani. Katikati ya nyumba zilizokamilika mtakuta viwanja vyenye vichaka, vimekaa miaka na miaka, mwenyewe anangoja bei ipande. Hati zetu zina sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36. Sharti hilo linamkimbiza mtu mdogo anayejenga kwa kudunduliza, huku mwenye viwanja vinne alivyovinunua kwa majina ya ndugu akiwa hana wasiwasi. Anzeni na huyo wa pili. Bomba linapita mbele ya kiwanja chake, nguzo ya umeme iko kwenye kona yake, na sisi wengine tunapelekwa kilomita nyingi porini kumwachia nafasi ya kufanyia biashara. Atakiwe ajenge, auze, au alipe kodi ya pango inayolingana na thamani ya huduma zinazompita. Mwenye kuvipitia hati na masharti hayo ni ofisi za ardhi, lakini orodha ya viwanja hivyo mnaweza kuiomba ninyi, na mkaisoma barazani.

Najua wengi wenu mmechaguliwa Oktoba 2025 kwa ahadi za barabara na maji, na mnakabidhiwa mafaili msiyoyaanzisha. Siwatupii lawama za yaliyopita. Naomba tu kwamba kabla ya baraza kupitisha makadirio, ramani ya maeneo yanayopendekezwa kupimwa katika mwaka wa fedha unaoanza Julai ibandikwe kwenye ofisi za kata zote 41, kwa Kiswahili cha kawaida, ikionyesha bomba la karibu liko wapi, korongo liko wapi, shamba la nani limeguswa na fidia yake iko wapi. Wenyeviti wa mitaa waitishe mikutano, maoni yaandikwe, na diwani wa kata ayasome barazani kama yalivyo. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na Mpango Kabambe wa jiji letu unaishia 2039. Watoto watakaoishi ndani ya mpango huo wako shuleni sasa, na wengine wanavuka makorongo kila asubuhi ili wafike huko.

Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi. Nitahudhuria ule wa bajeti, na nimekwisha kuzungumza na mafundi wenzangu na majirani ili tuje pamoja. Naomba Ndugu Mkurugenzi atujulishe kupitia watendaji wa mitaa tarehe yake, mapema kiasi cha kutosha mtu kuomba ruhusa kazini. Tukifika, swali tutakalouliza ni kuhusu orodha: maeneo yapi yameuzwa na bado hayana maji, na kila moja limepangiwa mwaka gani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi ujenzi na mkazi wa Jiji la Dodoma